"Il pleure dans mon cœur" ya Debussy: ni nani analia?

SautiYaNgara ameuliza:

Habari zenu nyote. Mimi ni mwanafunzi wa uimbaji hapa Nairobi, sauti yangu ni soprano, na muziki niliujulia katika kwaya ya kanisa, ambako mwalimu wetu aliandika solfa kwa chaki kwenye ubao nasi tukaimba mpaka tukakariri. Nayasema haya mapema ili msinidhanie mjuzi wa muziki wa Ulaya, kwa maana wimbo niliopewa safari hii umenishinda kwa namna ambayo sikuitarajia. Noti zake nimeziweza kwa kiasi changu. Kilichonishinda ni maneno.

Wimbo wenyewe ni "Il pleure dans mon cœur", wa pili katika mkusanyiko wa Claude Debussy uitwao "Ariettes oubliées", na maneno yake ni shairi la Paul Verlaine lenye beti nne fupi. Nitauimba mwezi wa Julai mbele ya wazazi na marafiki ambao wengi wao hawajui Kifaransa, na kila mwimbaji ametakiwa asimame kwanza aeleze kwa Kiswahili, kwa muda usiozidi dakika mbili, wimbo wake unasema nini. Maelezo hayo nimeyaandika mara tatu na kuyafuta mara tatu. Ubeti wa kwanza ni huu:

Il pleure dans mon cœur
Comme il pleut sur la ville ;
Quelle est cette langueur
Qui pénètre mon cœur ?

Nilifungua kamusi nikaona kwamba "il" ni yeye, mwanamume, na "pleure" ni analia, nikaandika: "Analia moyoni mwangu kama anavyonyesha juu ya mji." Dada yangu alipoisoma karatasi aliniuliza huyo anayelia moyoni mwangu ni nani, na kama mama anamjua. Nilicheka, lakini kusema kweli swali lake ndilo langu.

Jambo jingine ni mvua yenyewe. Kwetu Kitui mvua ni habari njema. Nyanya yangu akisikia tone la kwanza kwenye mabati hutoka na kupanga ndoo, sufuria na hata karai la kufulia chini ya mchirizi, huku akimshukuru Mungu kwa sauti. Atakuwa ukumbini siku hiyo. Nitamwambiaje kwamba kuna mtu aliyesikia mvua ikinyesha akaingiwa na majonzi?

Mwisho, mwalimu wangu hunikatiza kila mara akisema kwamba ninaimba kama mtu aliyefiwa, ilhali katika wimbo huu hakuna aliyefariki. Nikipunguza huzuni, ananiambia sasa ninasoma orodha ya vitu vya kununua sokoni. Anayeufahamu wimbo huu tafadhali anisaidie.

MwalimuWaKifaransa amejibu:

Mwanangu, dada yako ameuliza kwa mzaha swali ambalo baadhi ya wanafunzi wangu humaliza muhula mzima bila kulifikia. Jibu lake ni kwamba hakuna anayelia, na shairi lote limesimama juu ya jambo hilo.

Neno "il" lina kazi mbili katika Kifaransa. Kazi moja ni hiyo uliyoiona kwenye kamusi, ya kumtaja mwanamume au kitu chenye jinsia ya kiume. Kazi ya pili ni kujaza nafasi ya kiima pale ambapo hakuna mtendaji, kwa sababu sarufi ya Kifaransa haipendi kitenzi kisimame peke yake. Mfaransa anaposema "il pleut" hamkusudii mtu, wala Mungu, wala wingu. Anasema tu kwamba kunanyesha. Kitenzi "pleurer", yaani kulia, hakitumiki hivyo kwa kawaida, kwa kuwa hudai mwenye machozi: mtoto analia, mjane analia. Verlaine amekinyang'anya kitenzi hicho mwenyewe wake na kukivisha umbo la kitenzi cha mvua, akisaidiwa na ukaribu wa sauti zilizomo katika "pleure" na "pleut", ambazo sikio lisilozoea linaweza kuzichanganya. Kilio kimekuwa hali ya hewa. Kinatokea mle moyoni kama manyunyu yanavyotokea mjini, na mwenye moyo anakisikia kama mtu aliyesimama dirishani.

Umeona kwa nini tafsiri yako ya kwanza haikukaa? Uliwarudisha watu mahali ambapo mshairi alikuwa amewaondoa. Hata ukiandika "moyo wangu unalia" utakuwa umekosea, ingawa kosa hilo ni dogo zaidi, kwa sababu umeupa moyo kazi ya kulia, na hapa moyo ni mahali tu.

Sasa jambo linalonifurahisha, na ambalo huwa sipati nafasi ya kulisema darasani kwa kuwa mtaala unanikimbiza. Kiswahili kina njia ya kuyasema haya, pengine kwa ulaini kuliko Kifaransa chenyewe. Sisi husema "kumekucha" bila kuulizana ni nani aliyekucha. Husema "kunanyesha", "kumetulia", "humu mnanuka moshi". Viambishi vyetu vya mahali huweza kuwa kiima, na vikiwa kiima huwa vimetaja mahali pa tendo bila kumtaja mtendaji. Kwa hiyo unaweza kusema "moyoni mwangu mnalia, kama kunavyonyesha mjini", ukawa hukumwongeza mtu yeyote ambaye Verlaine hakumweka. Tatizo ni moja: "mnalia" hufanana na "nyinyi mnalia", na ukianza nalo mtu wa safu ya nyuma anaweza kudhani unawasema wao. Tanguliza "moyoni mwangu", na sikio litatulia.

Yapo maneno mengine matatu ambayo ningependa usiyapite haraka. "Langueur" si huzuni kamili. Ni ule unyong'onyevu wa mtu aliyekaa kitandani saa nne asubuhi, si mgonjwa na si mzima, ambaye hata kuinua kikombe cha chai anaona ni safari. "S'écœure", lililo katika ubeti wa tatu, limelibeba neno "cœur", moyo, ndani yake, na maana yake ya kila siku ni kukinai, kama unavyokinai ukila halua kupita kiasi. Moyo huo umejikinai wenyewe. Na "deuil" ni matanga. Mshairi anasema matanga haya hayana sababu. Ni kama turubai limefungwa uani, viti vimepangwa, majirani wanakuja na sukari na majani ya chai, na ndani ya nyumba hakuna maiti. Mwalimu wako amesema kweli kwamba hakuna aliyefariki, lakini matanga yapo.

Kuhusu nyanya yako, mwambie mvua hii si ya Aprili. Shairi linaiita "doux", pole, laini. Ni yale manyunyu ya Nairobi ya mwezi wa Julai, ambayo hayajazi hata kikombe, jua lisipoonekana kwa siku nne mfululizo na watu wakatembea mjini wamekunja mabega ndani ya sweta. Hakuna mkulima anayeyaombea manyunyu hayo. Na kwa bahati, Julai ndio mwezi wenyewe utakaoimba.

MpendaHistoria amejibu:

Kwa heshima zote kwa mwalimu, sababu ya kilio hicho inajulikana. Verlaine alimwacha mke wake Mathilde na mtoto mchanga akaondoka na mshairi kijana Arthur Rimbaud mwaka 1872, wakazunguka Ubelgiji na London, na tarehe 10 Julai 1873 akampiga Rimbaud risasi ya mkono mjini Brussels akafungwa gerezani. Shairi hilo ni la mfungwa anayejutia maisha yake. Mwambie mwimbaji awasimulie watu kisa hicho, watalia wote bila sarufi.

MpigaPianoWaHurlingham amejibu:

Ndugu MpendaHistoria, matukio uliyoyataja ni ya kweli, ila umeyapanga vibaya. Kitabu chenye shairi hili, "Romances sans paroles", kilichapishwa mwaka 1874 Verlaine akiwa gerezani, na hapo ndipo wengi hukosea. Mashairi yenyewe yalikuwa yamekamilika kabla ya risasi. Shairi la gerezani la Verlaine lipo, ni lile la mbingu inayoonekana juu ya paa, na Fauré pamoja na Reynaldo Hahn wameliundia nyimbo, lakini hilo ni jingine. Tena tazama ubeti wa tatu, ambapo mshairi anajiuliza "Quoi ! nulle trahison ?", yaani kumbe hakuna hata usaliti? Mtu anayeijua sababu ya kilio chake haulizi hivyo. Ukiwapa watu kisa cha bastola kabla ya wimbo huu, watakaa wakisubiri mlio, na mlio hauji.

Kama ni lazima kisa kiwepo, kipo kimoja kidogo ambacho mimi hukipenda zaidi. Juu ya shairi hili Verlaine aliweka mstari wa Rimbaud usemao kwamba mvua inanyesha taratibu mjini. Mstari huo haupatikani katika maandishi ya Rimbaud yaliyosalia. Umebaki hapo peke yake. Na mama mkwe wa Verlaine, Bi. Mauté, ndiye aliyemfundisha Debussy piano alipokuwa mtoto na kumtayarisha kuingia chuo cha muziki cha Paris mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka ule ule nyumba ya mwalimu wake ilikuwa inabomoka kwa sababu ya mshairi huyo. Debussy aliokota mashairi ya Verlaine akiwa kijana, na nyimbo hizi sita alizitunga kati ya mwaka 1885 na 1887, muda ambao kwa sehemu kubwa alikuwa Roma kwa tuzo aliyoshinda, akiuchukia mji ule. Zilichapishwa mwaka 1888, kisha zikatolewa upya mwaka 1903 kwa jina unalolijua, na kutunukiwa Mary Garden, mwimbaji wa kwanza kuigiza Mélisande, mhusika mkuu wa kike katika opera ya Debussy.

Sasa turudi kwenye piano, kwa sababu nadhani tatizo lako la uimbaji linatatuliwa huko. Nimewapigia waimbaji watatu wimbo huu na wote walianza kwa kosa moja, nami nilianza kwa kosa lile lile upande wangu. Ufunguo wake ni G shapu, ngazi ndogo, wenye shapu tano ambazo huchosha macho ya mgeni. Juu ya ukurasa Debussy ameandika "triste et monotone": wa huzuni, na usiobadilika. Wengi husoma neno la kwanza tu. Piano inaanza na noti fupifupi zinazozunguka mahali pamoja, nyepesi, nazo zinaendelea chini ya sauti yako kama matone yasiyokujali. Mimi nilipoanza nilikuwa ninazipanua na kuzibana ili nifuate hisia za mwimbaji, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akinifundisha akaufunga mfuniko wa piano polepole juu ya vidole vyangu na kuniambia kwamba mvua haimwonei mtu huruma.

Tangu siku hiyo mimi hupiga sawasawa, na huzuni yote huiacha itokee kwenye nafasi iliyopo kati ya mkono wangu ambao haubadiliki na sauti ya mwimbaji ambayo inajaribu kusema jambo na kukwama. Ndiyo maana ukiimba kama mfiwa wimbo unaharibika: mfiwa anaishika mvua mkono na kuilazimisha ilie pamoja naye. Na ukiimba kama anayesoma orodha ya sokoni, umekuwa mvua. Unatakiwa uwe yule aliye dirishani.

Kuna mahali pamoja tu ambapo Debussy anaisimamisha mvua, nako ni pale penye "Quoi ! nulle trahison ?". Mwendo wa zile noti fupi unakatika, mdundo unalegea, na mwimbaji anabaki karibu peke yake, kama mtu anayezungumza zaidi kuliko kuimba. Sikiliza jambo hilo mara kadhaa bila kuimba. Nyumba iliyokuwa na sauti ya mvua ikinyamaza ghafla, mtu hugundua kwamba alikuwa akiisikia muda wote. Hapo ndipo anapojiuliza swali lake, anakosa jibu, na baadaye mvua inarudi kana kwamba haikuulizwa kitu. Mimi huliona tukio hilo kuwa ndilo wimbo wote. Yaliyobaki ni njia ya kwenda na kurudi.

Ukipata nafasi, sikiliza pia alivyofanya Gabriel Fauré na shairi hili hili mwaka 1888, akaliita "Spleen". Wake uko katika D, ngazi ndogo, na una mwendo unaoshika njia kwa uthabiti. Fauré alijulikana kwa kutowapenda waimbaji wanaobembeleza mwendo. Neno hilo "spleen" Wafaransa walilichukua kwa Waingereza, na maana yake ya asili ni bandama, kwa kuwa waganga wa kale wa Ulaya waliamini kwamba huzuni isiyo na sababu hutoka huko. Sijui ukumbi utasemaje ukiwaambia kwamba wimbo unaitwa "Bandama", kwa hiyo shukuru kwamba mwalimu wako amekupa wa Debussy.

MshairiWaMvita amejibu:

Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Pwani ninayeishi Eastleigh, Kifaransa sikijui, lakini mwalimu ameeleza vizuri hata nikaliona umbo la shairi. Nimehesabu silabi kwa kumfuata binti yangu anayesoma Kifaransa shuleni: kila mshororo una mizani sita, na vina vyake vimenishangaza. Mshororo wa kwanza na wa mwisho katika kila ubeti unaishia kwa neno lile lile, "cœur" na "cœur", "pluie" na "pluie", "raison" na "raison", "peine" na "peine". Wa tatu unafuata kina hicho, na wa pili umeachwa yatima, hauna mwenzake ndani ya ubeti.

Sisi katika utenzi tunazo mishororo mitatu ya mwanzo yenye kina kimoja, na wa nne hubeba kina cha bahari kinachouunganisha ubeti na beti nyingine zote. Yatima wetu, kwa hiyo, ana ukoo mkubwa nje ya nyumba. Wa huyu Mfaransa hana ukoo wowote, na neno analolibeba katika ubeti wa kwanza ni "ville", mji. Nimelipenda jambo hilo. Mtu amefungiwa ndani ya moyo, anatoka kwenye neno moyo na kurudi kwenye neno moyo, na mji uko pale katikati umemwangalia tu.

Nimejaribu kuutia ubeti huo katika mizani nane, ambayo ndiyo sikio letu linaijua, nikahifadhi mpango wa vina na lile neno linalojirudia:

Mwalia mwangu moyoni,
Vile mjini kwanyesha;
Unyonge huu wa nini,
Unaopenya moyoni?

"Mwalia" hapa ni ule ule "mnalia" wa mwalimu, kwa kauli ya kishairi, na "kwanyesha" ni "kunanyesha". Hatari ya "nyinyi mwalia" haijaondoka, nakiri. Lakini msomaji akifika kwenye "mwangu moyoni" hujirekebisha mwenyewe, na huko kujikwaa kidogo kwa kutafuta anayelia nadhani kunalifaa shairi hili. Ukiogopa, geuza useme "moyoni mwangu mwalia"; mizani itabaki nane, ila kina utakuwa umekipoteza.

Jambo moja la kukuonya. Sisi kwetu husema mvua "yanya". Ni Kiswahili safi, kimo katika mashairi ya mabingwa, lakini usithubutu kukipeleka ukumbini Nairobi, kwa sababu vijana watacheka na wimbo utakuwa umekufa kabla piano haijalia.

Ninatofautiana na mwalimu katika "deuil". Matanga ni shughuli, yana watu, yana chakula na maongezi, tena yana tarehe ya kwisha. Huyu mtu yuko peke yake. Mimi ningesema msiba, au jitimai.

MwalimuWaKifaransa amejibu:

Mzee wangu, ubeti wako nimeuandika kwenye daftari langu kwa ruhusa yako. Ule mshororo wa pili, "vile mjini kwanyesha", umelipata jambo ambalo maelezo yangu marefu yalilizunguka.

Katika "deuil" nitakukubalia nusu. Neno hilo kwa Wafaransa linabeba uchungu wenyewe na pia ile hali ya nje ya mfiwa, nguo nyeusi na kipindi chake, na ndiyo sababu nililipenda neno matanga: linachekesha na kutisha kwa pamoja kuona shughuli imeandaliwa bila tukio. Lakini jitimai ni neno zuri kuliko nilivyokumbuka, na lina upweke ndani yake. Kwa maelezo ya dakika mbili mbele ya wazazi, hata hivyo, ningebaki na msiba. Jitimai litawafanya waanze kuulizana maana yake wakati mwimbaji ameshaanza kuimba.

SautiYaNgara amejibu:

Nawashukuru sana, na mzee wa Mvita namwamkia shikamoo ingawa hatujaonana. Jana tulikuwa na mazoezi na nilimwomba mpiga piano wetu apige sawasawa, asinifuate hata nikichelewa. Mara ya kwanza nilijihisi kama mtu aliyeachwa na matatu: yeye alikuwa anaendelea na mimi niko nyuma ninakimbia. Mara ya tatu nikaacha kukimbia. Tulipofika kwenye "Quoi" naye akanyamaza, nilishtuka kweli, hata nikaisahau noti inayofuata, na mwalimu wangu ambaye husimamisha kila kitu hakusimamisha.

Haya ndiyo maelezo niliyoyaandika, na nitayasoma hivi msiponikosoa:

"Wimbo huu ni wa mtu aliye ndani ya nyumba mwezi kama huu wa Julai, anasikiliza manyunyu juu ya mapaa. Moyoni mwake mnalia kama kunavyonyesha mjini, na hajui ni kwa nini. Hakusalitiwa na mtu, hapendi mtu, hachukii mtu. Anauona msiba lakini hamwoni marehemu, na anasema kwamba kutojua sababu ndio uchungu mkubwa kuliko wote. Piano ndiyo mvua. Itanyamaza mara moja tu, na hapo mtamsikia akijiuliza."

Baada ya hapo nitausoma ubeti wa mzee, kisha niimbe. Nyanya nilimsomea kwa simu. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama huyo mtu amekula.

Nimebakiwa na swali moja dogo la matamshi. Mwalimu wangu anasema neno "pluie" ninalitamka kama "plu-i-ye", nikiweka uzito katikati.

MwalimuWaKifaransa amejibu:

Hiyo ni tabia ya ulimi wetu, ambao huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho katika kila neno, hata neno lisipokuwa letu. "Pluie" ni silabi moja tu: midomo inakaa kama inayotaka kupiga mluzi, kisha inafunguka kwenye "i" bila kupumzika njiani. Ile "e" ya mwisho hapo haina sauti yake, kwa hiyo usiipe noti. Lakini ile ya mwisho wa "ville" angalia kwenye karatasi yako. Debussy akiwa ameiwekea noti, iimbe kwa wepesi sana. Fanya mazoezi kwa kunong'ona mbele ya kioo cha dirisha. Ukiona umande wa pumzi yako umetokea mara moja kwa neno zima, umelipata, na ukitokea mara mbili rudia.

Na kuhusu swali la nyanya, nimelisoma tena shairi lote kulitafutia jibu. Verlaine hakusema.